Jeni Zinyamazazo na Jeni Zifazo: Namna Wanyama Wanavyopungukiwa na Viungo

Mtu akimlaza chatu chali na kumkagua karibu na tundu la haja, ataona vikucha viwili vidogo, kimoja kuumeni na kimoja kushotoni, ambavyo kwa dume huwa vikubwa zaidi na humfaa kumpapasia jike wakati wa kujamiiana. Na akimpasua, atakuta kwamba nyuma ya kila kikucha mna vifupa vyembamba visivyoungana na uti wa mgongo, vifupa ambavyo wajuzi wa elimu ya viumbe wamethibitisha kuwa ni mabaki ya nyonga na ya paja. Fira na kifutu hawana hata hayo. Na katika miamba ya Argentina yamefukuliwa mabaki ya nyoka wa kale, aliyepewa jina la Najash mwaka 2006, ambaye alikuwa na miguu ya nyuma na nyonga iliyoshikamana barabara na uti wa mgongo, kiasi kwamba hapana nafasi ya kubishana juu ya nasaba ya nyoka wa leo: babu zao walikuwa na miguu, wao hawana, na chatu amesimama katikati ya njia.

Jawabu lililo midomoni mwa watu wengi ni kwamba kiungo kisichotumika hudhoofu na hatimaye hupotea. Jawabu hili lina umri mkubwa na watetezi wenye heshima. Lamarck alilifundisha mwanzoni mwa karne ya 19, na Charles Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya spishi, alipofika kwa wanyama vipofu wa mapangoni hakuona ni vipi jicho, hata likiwa halina faida, lingeweza kumdhuru mnyama aishiye gizani, basi akaridhika kusema kwamba macho yao yalipotea kwa sababu ya kutotumika na si vinginevyo. Lakini elimu ya urithi, ambayo Darwin hakuwahi kuipata, hailikubali jawabu hilo kwa sura hiyo, kwa kuwa jeni iliyomo ndani ya yai la nyoka haina njia ya kupata habari kwamba mama yake alitambaa badala ya kutembea. Kutotumika kwa kiungo huondoa ulinzi tu: makosa ya kunakili, ambayo hutokea kila kizazi katika kila jeni, hapo zamani yalikuwa yakifutwa kwa kufa au kukosa watoto kwa wale walioyarithi, na sasa hayafutwi tena, yakawa yanarundikana.

Hata maelezo hayo, ingawa ni sahihi, hayatoshi, maana yanatufanya tudhani kwamba kila jeni ya kiungo kilichoachwa huoza kwa namna moja, ilhali kazi iliyofanywa katika maabara tangu mwanzo wa karne hii imeonyesha kinyume chake. Rai ninayoitetea katika safu hii ni kwamba anayetaka kufahamu jinsi mnyama alivyopungukiwa na kiungo hana budi kuanza kwa kuuliza jeni iliyokijenga kiungo hicho ilikuwa na kazi ngapi nyingine mwilini, na faida ya kiungo chenyewe aiulizie baadaye. Jeni yenye kazi moja inaweza kufa kabisa, mwili usijali. Jeni yenye kazi nyingi haiwezi kufa bila ya kumwua mwenyewe. Kwa hiyo yenyewe hubaki nzima, ikapotea amri moja tu miongoni mwa amri zake nyingi.

Neno hili la amri lahitaji ufafanuzi kabla hatujaenda mbali. Katika DNA mna maandishi ya namna mbili yatuhusuyo hapa. Yako yale yanayoeleza protini itengenezwe vipi, nayo ndiyo jeni kwa maana ya kawaida; na viko vipande vingine, aghalabu nje ya jeni na pengine mbali nayo sana, ambavyo havitengenezi protini yoyote, bali huamua jeni iamke katika sehemu gani ya mwili, wakati gani, na kwa kadiri gani. Jeni moja yaweza kuwa na vipande vya amri vingi, kimoja kwa ajili ya taya, kingine kwa ajili ya pua, kingine kwa ajili ya nyonga, na kukatika kwa kimoja hakuvigusi vingine.

Mfano ulio safi kuliko yote ni wa samaki mdogo wa miiba mitatu wa nchi za kaskazini, ambaye urefu wake haufiki kidole cha mtu mzima. Asili yake ni baharini, na huko hujikinga kwa miiba ya mgongoni pamoja na miiba miwili ya tumboni iliyoshikizwa kwenye mfupa wa nyonga, ambayo kwa nasaba ni sawa na miguu yetu ya nyuma. Barafu kuu ilipoyeyuka, miaka isiyozidi elfu kumi na chache iliyopita, samaki hawa waliingia katika maziwa mapya ya maji baridi ya Kanada, Alaska, Uskoti na kwingineko, na katika baadhi ya maziwa hayo, kila moja likiwa limetengwa na jenziwe, wakapoteza miiba ya tumboni na nyonga yake pamoja. Sababu zinazotajwa ni kwamba humo hamna samaki wakubwa wa kuwala, kwamba maji yana upungufu wa chokaa ya kujengea mifupa, na kwamba lava wa kerengende, ambao huwinda majini, hupata pa kumshika samaki kwenye miiba. Sababu hizo zaweza kuwa kweli zote kwa pamoja.

David Kingsley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walimzalisha samaki wa bahari ya Japani, mwenye miiba, na samaki wa Ziwa Paxton huko Kanada, asiye nayo, wakafuatilia wajukuu, na mwaka 2004 wakatangaza kwamba sehemu kubwa ya tofauti inatoka mahali pamoja katika jenomu, palipo na jeni iitwayo Pitx1. Waliposoma herufi za jeni hiyo kwa samaki wa namna zote mbili walikuta protini yake ni ileile, haina kasoro hata moja. Walipotazama viinitete, wakaona kwamba kwa samaki wasio na miiba jeni huamka kama kawaida katika matundu ya pua na katika tezi ya thaimasi, lakini pale nyonga inapotakiwa kuota imenyamaza kimya. Mwaka 2010 kundi hilohilo likakionyesha kipande chenyewe kilichopotea, kifupi tu, cha herufi mia kadhaa, kilicho nje ya jeni, ambacho kilikuwa kimekatika katika jamii tisa kati ya kumi na tatu za samaki wasio na miiba walizozichunguza. Na kila jamii ilikuwa na mkato wake, ulioanzia na kuishia pengine, ishara kwamba ajali ileile ilitokea upya mara nyingi. Kisha wakafanya jambo ambalo kwa mtazamo wangu ndilo ithibati hasa: walichukua mayai ya samaki wa Ziwa Bear Paw la Alaska, ambao hawana miiba, wakawarudishia jeni pamoja na kipande chake cha amri, na samaki waliokulia katika matangi yao wakaota miiba ambayo wazee wao hawakuwa nayo.

Mwaka 2019 ikajulikana pia kwa nini mkato huo umekuwa ukirudiarudia: kipande hicho kimejaa mfuatano wa herufi mbili zinazojirudia, T na G, ambao huipinda DNA isikae katika umbo lake la kawaida, ikawa nyepesi kukatika wakati wa kunakiliwa. Yaani mageuzi hapa hayakuchagua katika mambo yote yawezekanayo. Yalichagua katika yale yaliyokuwa yakitokea mara kwa mara. Wanaoandika juu ya uteuzi wa asili kana kwamba ni fundi mwenye kila chombo mkononi wangefaa kulizingatia jambo hili.

Ni nini kingetokea lau ingekufa jeni nzima? Tunajua, kwa sababu jaribio lilifanywa kwa panya. Panya aliyenyimwa Pitx1 kabisa huzaliwa na miguu ya nyuma iliyodumaa na kaakaa lililopasuka, na hufa mara anapozaliwa. Kuna jambo dogo katika panya hao linalostahili kuangaliwa kwa karibu: mguu wa kulia hudumaa zaidi kuliko wa kushoto, kwa kuwa upande wa kushoto husaidiwa na jeni jamaa yake, Pitx2. Samaki wengi waliobakiwa na nusu ya nyonga nao huwa na kipande kikubwa zaidi upande wa kushoto. Na wajuzi walipokwenda kupima vifupa vya nyonga vilivyobaki ndani ya mwili wa manatii, jamaa wa Marekani wa nguva wetu, wanyama ambao mababu zao walitembea nchi kavu kwa miguu minne, walikuta cha kushoto aghalabu kimezidi cha kulia. Hiyo si hukumu ya mwisho juu ya manatii, lakini ni dalili ambayo asiyejua habari za samaki wa Ziwa Paxton asingeiona hata kama ameishika mkononi.

Nyoka wamepita njia hiyohiyo kwa jeni nyingine. Jeni hiyo inaitwa Sonic hedgehog, jina lililochukuliwa katika mchezo wa video wa watoto na ambalo, nakiri, hunichosha kila ninapolazimika kulitaja mbele ya watu wenye heshima zao. Lakini kazi zake ni kubwa, maana bila yake hapana ubongo uliogawanyika sawasawa, wala uti wa mgongo, wala vidole. Amri yake ya miguu imo katika kipande kimoja kilicho umbali wa takriban herufi milioni moja kutoka kwenye jeni yenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa California walikitoa kipande hicho katika panya, wakatia mahali pake kipande cha viumbe wengine. Kilipotiwa cha mwanadamu, panya akawa na miguu yake. Kilipotiwa cha silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Ngazija na wa Tanga humnasa kwa nadra, panya bado akawa na miguu yake, ijapokuwa silikanti na panya wametengana tangu zaidi ya miaka milioni mia nne iliyopita. Kilipotiwa cha chatu au cha fira, miguu ikawa vigutu. Upungufu mmoja waliouona kwa nyoka wote ni wa herufi kumi na saba tu, na watafiti walipozirudisha herufi hizo kumi na saba katika kipande cha chatu, panya akaota miguu tena. Katika kiinitete cha chatu jeni huamka kidogo mahali pa mguu kisha ikazimika, ndiyo maana akabakiwa na vikucha. Kwa fira haiamki.

Sasa na tuzitazame jeni za kundi la pili, zile zenye kazi moja, ambazo hufa zenyewe. Mabaki yake hayaondoki mara moja. Hukaa mahali pake katika kromosomu, yenye herufi zilizoruka na zilizoongezeka, yasomeke nusu nusu, mithili ya magofu ya Gedi ambayo mtu akiyaona hujua chumba kilikuwa wapi na mlango wapi ingawa paa halipo. Kakakuona hana meno hata moja; muhanga anayo, lakini hayana lile ganda gumu jeupe la juu liitwalo enameli; na nyangumi wale wachujao chakula kwa nyuzi za mdomoni nao hawana. Kwa wote hawa jeni ya enamelini, ambayo kazi yake hasa ni kujenga ganda hilo, imekuwa gofu. Ndege vilevile: ukilinganisha jeni za meno za ndege wa kila namna, kuanzia mbuni hadi shomoro, utakuta baadhi ya makosa wanayashiriki wote, na kutokana na hesabu ya makosa hayo imekadiriwa, katika utafiti wa mwaka 2014, kwamba enameli iliwapotea katika babu yao wa pamoja yapata miaka milioni 116 iliyopita.

Gofu lililo maarufu zaidi limo ndani yetu sisi. Mbuzi, paka, panya na wanyama wengi wengine hujitengenezea vitamini C ndani ya ini, na hatua ya mwisho ya utengenezaji huo hufanywa na kimeng'enya kitokanacho na jeni ya GULO. Mwanadamu, nyani, kima na sokwe tunayo jeni hiyo ikiwa imekufa tangu miaka yapata milioni 60 iliyopita; simbilisi imemfia kwa ajali nyingine ya peke yake, na popo wengi kadhalika. Babu zetu walikuwa wakila matunda na majani mwaka mzima, basi aliyerithi jeni iliyovunjika hakutofautishika na mwenziwe, wala hakuna sehemu nyingine ya mwili iliyolalamika, kwa kuwa jeni ilikuwa na kazi hiyo tu. Deni lilikuja kudaiwa baadaye sana. Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka Uhindi, mwishoni mwa mwaka 1498, alivuka bahari yetu kwa karibu miezi mitatu kwa sababu ya kutoungoja msimu wa pepo, jambo ambalo nahodha yeyote wa pwani hii angemwonya nalo, na mabaharia wake wakashikwa na kiseyeye, ufizi ukavimba hadi ukafunika meno, wakafa yapata thelathini. Walipofika Malindi, Januari 1499, kitu cha kwanza walichokiagiza kutoka pwani kwa ajili ya wagonjwa ni machungwa; hata hivyo wengine walikufa palepale bandarini, na waliosalia walikuwa wachache kiasi kwamba merikebu moja kati ya tatu ilibidi ichomwe moto kwa kukosa watu wa kuiendesha. Panya waliomo melini hawajui kiseyeye.

Nimepita kwa haraka juu ya samaki wa barafu wa bahari ya kusini, ambao damu yao haina rangi kwa kuwa jeni za himoglobini zimewafia, kwa sababu mfano huo, ingawa ni wa ajabu, hauongezi hoja. Wameishi kwa kuwa maji baridi sana hubeba oksijeni nyingi, na moyo wao umelazimika kuwa mkubwa ili kulipia hasara hiyo.

Wenye mengi ya kutufunza ni samaki wa mapangoni. Katika milima ya El Abra, kaskazini-mashariki ya Mexico, kuna samaki wa spishi moja, Astyanax mexicanus, ambao walio mitoni wana macho na rangi, na walio katika mapango yapata thelathini ni weupe na vipofu. Na kwa kuwa bado ni spishi moja, huzaana, na watoto wao huweza kuchunguzwa. Jicho la samaki wa pangoni huanza kuota katika kiinitete kama la mwenziwe wa mtoni, kisha lenzi yake hufa na jicho zima hudidimia ndani ya kichwa likafunikwa na ngozi. Mwaka 2000 Yamamoto na Jeffery walichukua lenzi ya kiinitete cha mtoni wakaipandikiza upande mmoja wa kiinitete cha pangoni, na jicho likakua, upande ule mmoja tu. Kwa hiyo jeni za retina, za konea na za mboni zilikuwapo nzima zikingoja ishara. Baadaye ikabainika kwamba chanzo kimojawapo ni jeni ileile ya miguu ya nyoka: kwa samaki wa pangoni haikunyamaza, bali imezidi nguvu katika mstari wa kati wa kichwa, na kuzidi huko hukuza taya na kuongeza vionjo vya ladha kinywani, ambavyo mwindaji wa gizani anavihitaji, huku kukiiua lenzi. Hapa basi kazi nyingi za jeni moja zimefanya kinyume cha zilivyofanya kwa samaki wa miiba: badala ya kukilinda kiungo, zimekitoa kafara kwa ajili ya kiungo kingine.

Na Darwin alikosea pale aliposhindwa kuona madhara ya jicho. Jicho na sehemu ya ubongo inayolihudumia hula chakula mchana na usiku, liwe linaona au halioni. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 vilionyesha kwamba kwa samaki mchanga wa spishi hii gharama ya kuona yaweza kufika asilimia 15 ya nguvu zote anazotumia akiwa ametulia. Mnyama aishiye kwa makombo yanayoletwa na mafuriko na kinyesi cha popo hawezi kuidharau asilimia 15. Ushahidi wa pili ni wa kirithi, nao nauona ni mzito zaidi. Watafiti walipozichambua sehemu za jenomu zinazohusika na ukubwa wa jicho, walikuta kila moja, kwa upande wa pangoni, inavuta kulipunguza. Walipozichambua zinazohusika na wingi wa chembe za rangi, wakakuta nyingine hupunguza na nyingine huzidisha. Jicho limesukumwa, rangi imeachwa ipotee yenyewe. Na katika mapango mawili, Pachón na Molino, weupe umetokana na jeni moja, Oca2, iliyovunjwa mahali tofauti katika kila pango. Richard Borowsky wa New York alipozalisha samaki vipofu wa pango moja na vipofu wa pango la mbali, baadhi ya watoto wakaona, maana kilichokuwa kimevunjika kwa baba kilikuwa kizima kwa mama.

Karibu nasi zaidi, chini ya ardhi ya jangwa la Somalia, yumo samaki mwingine, Phreatichthys andruzzii, ambaye amefungiwa gizani kwa muda mrefu kuliko wa Mexico, na upungufu wake umezama ndani zaidi: hana macho, hana magamba, hana rangi, na saa yake ya mwilini, ile inayowaongoza wanyama wengine kwa saa ishirini na nne, haisikii tena mwanga. Amepoteza hata uwezo wa kuutumia mwanga kutengeneza DNA iliyoharibiwa na jua, upungufu ambao anaushiriki na sisi mamalia wa kondo, ambao babu zetu inadhaniwa waliishi usiku kwa zama nyingi wakiwakwepa dinosauria.

Mifano yote hii imechukua maelfu au mamilioni ya miaka, na msomaji anaweza kudhani kwamba haiwezi kutokea machoni pa watu. Imetokea, na imetokea Msumbiji. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu mwaka 1977 hadi 1992, majeshi ya pande zote mbili yaliwaua ndovu wa Gorongosa kwa ajili ya nyama na pembe, wakashuka kutoka 2,542 waliohesabiwa mwaka 1972 hadi 242 mwaka 2000. Majike wasio na pembe, ambao kabla ya vita walikuwa asilimia 18.5 ya majike wote, baada ya vita wakawa asilimia 50.9. Mwindaji hakuwa na haja nao. Ambacho wengi hawakukijiuliza ni kwa nini katika Gorongosa hapakuonekana dume asiye na pembe.

Jawabu lilitolewa mwaka 2021 na Campbell-Staton na wenzake, nalo linairudisha hoja yangu kwa njia ya kuhuzunisha. Dalili zinaelekea hasa kwenye jeni ya AMELX, iliyoko katika kromosomu ya X, ambayo ni miongoni mwa jeni za meno. Na pembe ya ndovu ni jino, jino la mbele la juu la pembeni. Jike ana X mbili, basi moja ikiharibika nyingine humhifadhi, akakosa pembe tu. Dume ana X moja, na akiirithi iliyoharibika hufa kabla ya kuzaliwa. Kwa wanadamu umejulikana ugonjwa unaofanana na huo, ambao hutokana na kukatika kwa kipande kilekile cha kromosomu pamoja na jeni jirani, huathiri meno hayohayo ya wanawake, na huwaua watoto wa kiume tumboni. Kwa hiyo ndovu jike asiye na pembe hupoteza nusu ya watoto wake wa kiume, na miongoni mwa wanaozaliwa theluthi mbili huwa majike. Samaki wa miiba alipata kipande cha amri kilichokuwa chepesi kukatika, akapungukiwa bila ya kudhurika; ndovu, aliyebanwa na bunduki kwa miaka kumi na mitano, alichukua upungufu uliokuwa karibu, pamoja na bei yake. Miongoni mwa majike waliozaliwa baada ya vita, wasio na pembe ni asilimia 33: pungufu ya wale walionusurika, na bado ni wengi kuliko ilivyokuwa zamani.

Je, kilichopotea hurudi? Louis Dollo, mwanasayansi wa Ubelgiji, alishikilia tangu mwaka 1893 kwamba hakirudi. Hesabu zilizofanywa mwaka 1994 zilikadiria kwamba jeni isiyotumika yaweza kuamshwa tena ikiwa muda haujapita nusu milioni hadi miaka milioni sita, na baada ya milioni kumi matumaini hukatika, isipokuwa ikiwa jeni hiyo ilikuwa ikilindwa na kazi nyingine. Kwa maneno mengine, penye kupotea amri tu, mlango haujafungwa sana. Penye gofu, umefungwa.

Nguva ni wa upande wa gofu. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba jeni ya PON1 imekufa katika ukoo wa nguva na manatii, na kwa wakati wake katika nyangumi na pomboo, na katika baadhi ya sili, kila ukoo kwa ajali yake, pengine kwa sababu wanyama wanaozamia walibadilisha namna ya kuyakinga mafuta ya mwilini na madhara ya oksijeni, wakawa hawaihitaji. Kwa mamalia wa nchi kavu jeni hiyo ina kazi nyingine ambayo haikuwapo duniani wakati nguva alipoipoteza: huvunjavunja sumu ya dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti, ambazo zimeanza kutumika mashambani katika karne ya 20. Damu ya mbuzi yaweza kuivunja sumu hiyo. Damu ya manatii, ilipojaribiwa maabara, haikuweza. Nguva wachache waliobaki Tanzania huonekana zaidi kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, wakila nyasi za bahari mbele ya delta, mahali ambapo maji ya mto upitao katikati ya mashamba ya mpunga huingia baharini.